Ukila Saa 3 Usiku Utapungua? Mwongozo kwa Anayechelewa Kurudi Nyumbani

Maswali ni yale yale, hubadilika maneno tu. "Nikila baada ya saa 1 usiku nitanenepa?" "Nafika nyumbani saa 3, nilale na njaa?" "Shoga yangu ameacha chakula cha usiku amepungua, mbona mimi nimeacha na sipungui?" Nayajibu yote hapa kwa mpigo, ili anayeanza leo awe na pa kushika.

Jibu fupi ni hili: saa peke yake haikunenepeshi. Unanenepa pale jumla ya ulichokula na kunywa kutwa inapozidi kile mwili ulichotumia, siku baada ya siku. Hata ukiwa umelala, moyo unadunda, mapafu yanavuta hewa na ubongo unafanya kazi, kwa hiyo ile hadithi kwamba chakula cha usiku "kinakaa tu na kugeuka mafuta" iache. Lakini usiku ndio wakati ambao wengi wetu tunazidisha bila kujijua, na hapo ndipo kazi ilipo.

Mwongozo huu nimeuandika nikimfikiria mtu wa Dar es Salaam anayetoka kazini saa 11 au 12 jioni, anagombania daladala, anakaa kwenye foleni, anafika kwake saa 2 au 3, na mlo wake mkubwa wa siku unamsubiri kwenye hotpoti. Kama uko Mombasa au Mwanza na ratiba yako ni hiyo hiyo, unakuhusu pia.

Nadharia kidogo, halafu tuendelee

Mwaka 2022 watafiti wa Guangzhou, Uchina, walitoa matokeo ya jaribio la mwaka mzima kwa watu 139 wenye unene uliopitiliza. Wote walipunguziwa kalori. Kundi moja liliruhusiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu, jingine halikuwekewa saa. Makundi yote mawili yalipungua, na tofauti kati yao haikuwa ya kutegemewa. Mwaka huo huo, Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, kililinganisha kula kingi asubuhi na kula kingi jioni: uzito ulipungua sawasawa, ila waliokula kingi asubuhi hawakusumbuliwa na njaa kama waliokula kingi jioni. Na huko Boston, watu 16 waliocheleweshewa milo yao kwa saa nne hivi waliona njaa zaidi, na miili yao ikatumia nguvu pungufu kuliko walipokula mapema.

Kwa hiyo saa ina neno lake, lakini kiasi kinatangulia. Mtu wa pwani hata hana haja ya kwenda Guangzhou kupata ushahidi, kwa kuwa Ramadhani tunaiona kila mwaka. Wafungaji wanakula usiku mtupu kwa mwezi mzima, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba kwa wastani hupungua kidogo, kisha uzito hurudi baada ya Idi. Anayenenepa Ramadhani asilisingizie giza. Aziulize kaimati, sambusa na tambi za sukari.

Nani asianze peke yake

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge kama glibenclamide, usipunguze wala kuruka chakula cha usiku kabla ya kuongea na daktari wako. Sukari inaweza kushuka ukiwa usingizini, na hilo ni la hatari. Vivyo hivyo mjamzito, anayenyonyesha, anayemeza dawa zinazotakiwa kuliwa pamoja na chakula, na mtu ambaye amewahi kujinyima chakula hadi kuugua au kujitapisha baada ya kula. Na kama unapungua bila kutaka, una kikohozi kisichoisha, unatoka jasho usiku au unakojoa mno, huo mwongozo wako uko hospitali.

Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo au sehemu ya kuandikia kwenye simu.
- Mizani. Ya kwako au ya duka la dawa la mtaani, mradi iwe ile ile kila mara. Ukikosa, tepu ya fundi cherehani itapima kiuno.
- Sahani moja ya kawaida, ya kwako. Sinia la pamoja halipimiki.
- Kijiko cha chakula kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Watu hukidharau, na ndicho kitakachofanya kazi kubwa kuliko vyote.
- Bakuli lenye mfuniko, la kiporo.

Huhitaji chai ya kupunguza tumbo, unga wa kopo, wala mkanda wa kubana kitambi. Usinunue.

Hatua

1. Andika siku tatu bila kubadili chochote.
Kuanzia saa 10 jioni hadi unapolala, andika kila kinachoingia mdomoni na saa yake. Karanga za kwenye foleni, soda ya stendi, nyama uliyoonja jikoni, wali ambao mtoto amebakiza ukaumalizia. Siku moja kati ya hizo iwe Ijumaa au Jumamosi.

Kosa la kawaida: kuanza "kula vizuri" siku ile ile unayoanza kuandika. Ukifanya hivyo daftari litakudanganya, nawe utashangaa kwa nini mtu anayekula mchicha kila siku ana kitambi.

2. Tafuta panapovuja.
Keti na daftari, uweke alama kwenye vitu ambavyo hukuvihesabu kuwa chakula. Tarakimu hizi za makadirio zitakusaidia:

- Soda ya mililita 350: takriban gramu 37 za sukari, kalori kama 150.
- Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia: kalori kama 120.
- Karanga za kukaanga, gramu 100: zaidi ya kalori 550.
- Bia ya nusu lita: kalori kama 200.
- Unga wa mahindi gramu 100, kabla haujawa ugali: kalori kama 360.
- Vijiko vitatu vya chai vya sukari: kalori kama 50, na hiyo ni kwa kikombe kimoja.

Chipsi mayai siipi tarakimu kwa sababu kila kibanda kina mkono wake. Ila angalia inavyotengenezwa: viazi vinazamishwa kwenye mafuta mara ya kwanza, kisha vinarudi kikaangoni na mafuta mengine pamoja na mayai. Hesabu mwenyewe.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Ukipunguza takriban kalori 500 kwa siku unaweza kushuka karibu nusu kilo kwa wiki, mwanzoni hasa. Soda moja, vijiko viwili vya mafuta na konzi ya karanga vinakufikisha hapo kabla hujaugusa ugali.

3. Rekebisha mchana kwanza.
Hapa ndipo wengi wanaparuka, halafu wanalaumu usiku. Asubuhi chai na andazi, mchana "sikupata nafasi" au soda na keki, saa 10 jioni hakuna kitu. Unafika nyumbani saa 3 ukiwa na njaa ya kutwa nzima, unakula ukiwa umesimama jikoni, kisha unapakua. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo hapimi. Hata angeambiwa asile baada ya saa 1 usiku, atavumilia siku mbili, ya tatu atafidia zote.

Fanya hivi. Mchana kula mlo wa kweli. Kwa mama ntilie huna haja ya kuomba chakula maalumu, mwambie tu: "Mama, punguza wali, niongezee maharage na mboga." Wengi hawakatai, maharage yapo tele. Ukipata samaki au kipande cha kuku, vizuri zaidi, kwa sababu protini hushibisha kwa muda mrefu.

Halafu, kabla hujatoka kazini, kama saa 10 na nusu, kula kitu kidogo kinachotafunwa: mayai mawili ya kuchemsha, au ndizi mbivu na mtindi usio na sukari, au kipande cha muhogo wa kuchemsha na tango. Huu mlo mdogo ndio utakaokuvusha kwenye vibanda vya njiani. Wengine wanauogopa wakidhani wanaongeza chakula. Fuata wiki moja, utaona jinsi sahani ya usiku inavyojipunguza yenyewe.

Tahadhari: juisi haihesabiki hapa, hata iliyokamuliwa mbele yako. Inapita haraka na njaa inarudi ukiwa bado kwenye foleni. Andazi nalo ni unga, sukari na mafuta, na ni dogo kiasi kwamba utakula matatu.

4. Panga sahani ya usiku.
Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kabichi, bamia, nyanya chungu, kachumbari. Robo iwe samaki, dagaa, maharage, choroko, kuku asiye na ngozi au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ugali, wali au ndizi, na ugali usizidi ngumi yako mwenyewe. Ngumi ya mumeo haihusiki.

Sasa mafuta. Mboga ya majani inayoogelea kwenye mafuta si ya kupunguza uzito, hata ikiwa ya kijani namna gani. Pima kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji, kwa mboga na kitoweo kwa pamoja, na uache kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu. Kisamvu cha nazi na karanga ni kitamu, sikukatazi, lakini kihesabu upande wa vitu vizito na upunguze ugali siku hiyo.

Kama nyumbani mnakula sinia moja, usigombe na mtu. Pakua chako pembeni kabla halijafika mezani. Mama au mama mkwe akiuliza mbona kidogo, jibu lenye adabu lipo: "Nimeshiba mama, ahsante. Hicho kilichobaki niwekee, nitakila asubuhi." Na ukile kweli.

5. Hamisha nusu ya chakula cha usiku kiwe kiporo.
Kwa anayekula kingi usiku, hii ni njia rahisi ya kupata faida ya kula asubuhi bila kupika mara mbili. Wali maharage wa jana, kiasi kile kile ambacho ungekila saa 3 usiku kwa mazoea, unakupa nguvu ya kutwa na kuondoa haja ya maandazi.

Usalama ni muhimu: kiweke kwenye friji ndani ya saa mbili baada ya kupikwa, na asubuhi kipashe moto hadi kitoe mvuke. Kama huna friji, pika kidogo tu. Wali wa nazi na maharage huchacha upesi kwenye joto la Dar, na kuharisha si mpango wa kupunguza uzito.

6. Weka saa ya kufunga jiko, kulingana na saa yako ya kulala.
Acha saa 1 usiku ya watu wengine. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa unayolala: saa mbili hadi tatu kabla ya kupanda kitandani, maliza kula. Ukilala saa 5 na nusu, kumaliza kula saa 3 kunatosha. Nafasi hiyo inasaidia hasa watu wa kiungulia, na inakata ule mlo wa pili unaoliwa mbele ya televisheni bila hata njaa.

Ukishakula, funika vyombo, piga mswaki, toka jikoni. Baada ya hapo ni maji, au chai ya mchaichai au tangawizi bila sukari. Chai ya majani na kahawa zina kafeini, ziache mapema.

7. Jiandae kwa siku ambazo hakuna kilichopikwa.
Zitakuwepo. Ukilazimika kula kibandani: mishkaki na kachumbari, ndizi moja ya kuchoma, maji. Au hindi la kuchoma. Au supu ya kuku na nusu chapati badala ya mbili. Chipsi kavu ukizitaka sana, gawana na mtu na uagize kachumbari nyingi. Kosa ni kupita kibandani "kupunguza njaa" kisha kufika nyumbani na kula tena ili mpishi asijisikie vibaya. Ukila njiani, huo ndio mlo wako wa usiku.

8. Lala.
Anayelala saa tano za usingizi huamka na njaa kubwa kuliko anayelala saba, na usiku mrefu macho yakiwa wazi ni usiku wa kutafuna. Simu iweke mbali.

9. Pima mara moja kwa wiki.
Asubuhi, baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, nguo nyepesi, siku ile ile ya wiki. Uzito hupanda na kushuka kilo moja hadi mbili kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni, na kwa wanawake siku za hedhi huongeza yake. Subiri wiki nne kabla ya kubadilisha kitu.

Kwa wa zamu za usiku

Mlinzi, muuguzi, dereva wa bajaji wa usiku: "usiku" wako ni kazi, kwa hiyo saa ya kufunga jiko isikusumbue kichwa. Kula mlo mkubwa kabla ya kuingia zamu. Katikati ya usiku beba chakula chepesi kutoka nyumbani, kama mayai, matunda au maharage kidogo, kwa sababu saa 8 usiku kinachouzwa karibu ni chipsi na soda. Asubuhi kabla ya kulala kula kidogo tu, usilale na njaa kali wala tumbo likiwa limejaa.

Mambo yakikwama

*Nimelala bila kula, asubuhi nimepungua kilo nzima, kesho yake imerudi.* Hukupungua mafuta. Ni maji pamoja na chakula ambacho hakikuwemo tumboni mizani iliposoma. Usiifukuzie kilo hiyo.

*Nimeacha kabisa chakula cha usiku na bado sipungui.* Rudi kwenye daftari, safari hii andika kutwa nzima. Mara nyingi mlo umehamia saa 11 jioni na umeongezeka, au kuna chai nne za sukari, au Jumamosi na Jumapili zinarudisha kila kitu.

*Naamka saa 9 usiku na njaa inaniuma.* Chakula cha mchana na usiku kina protini ndogo, au umepunguza kwa pupa. Ongeza maharage, samaki au yai kwenye mlo wa usiku, usiongeze ugali. Kama unaamka kula karibu kila usiku na huwezi kurudi kulala bila kula, mwone daktari, kwani hilo linaweza kuwa tatizo linalotibika.

*Kiungulia kimezidi.* Ongeza muda kati ya kula na kulala, punguza pilipili na vya kukaanga usiku, inua upande wa kichwa wa kitanda. Kikiendelea kwa wiki kadhaa, au chakula kikikwama kooni, au choo kikiwa cheusi, nenda hospitali.

*Nakunywa maji ya ndimu kila usiku, mbona hayachomi mafuta?* Hayana kazi hiyo. Yakikusaidia kuacha soda, endelea nayo.

*Nilipungua vizuri mwezi wa kwanza, sasa mizani imegoma.* Mwili mdogo hutumia nguvu kidogo, na pia mkono huzoea: kijiko cha mafuta kimerudi kuwa viwili, ngumi ya ugali imekuwa ya mtu mwingine. Pima upya kwa macho makavu kwa wiki moja. Ukikuta hujazidisha, punguza kidogo wanga wa usiku, ongeza kutembea, kwa mfano kushuka kituo kimoja kabla ya chako pale ambapo njia ni salama, kisha subiri tena wiki nne.

*Kuna harusi au msiba wiki hii.* Kula mlo wa saa 10 na nusu kabla ya kwenda, huko pakua mara moja tu, na siku inayofuata rudi kwenye ratiba kama kawaida bila kujifungisha njaa ili kufidia.